Kilima Chetu na Kisiwa cha Misali

Bwana Mhariri,

Katika toleo lililopita la gazeti letu nilisoma makala ya kijana mmoja wa darasa la mwisho juu ya miti iliyopandwa na chama cha mazingira kwenye mteremko ulio nyuma ya kiwanja cha mpira. Kijana huyo ameandika vizuri, na uchungu wake naufahamu. Anasema miche ilipandwa kwa juhudi, wanafunzi wote wakitoka na majembe siku ya Jumamosi, na leo iliyobaki ni michache ya kuhesabika kwa vidole. Anawalaumu akina mama wa mtaani wanaokata majani ya mifugo, na watoto wao wanaookota kuni, na mbuzi wao. Dawa yake ni waya wa miiba, mlinzi mwenye fimbo, na faini. Chama kimekubali shauri hilo, na sisi tuliomaliza shule zamani tumeandikiwa barua tuchangie bei ya waya.

Fedha nitatoa. Lakini kwa waya sitatoa hata faranga moja, nami naomba nafasi nieleze sababu. Tena kabla sijaendelea yanipasa kukiri kwamba mmoja wa mbuzi walioandikwa katika makala ile ni wa dada yangu. Nimemtambua kwa ile pembe iliyovunjika. Basi msomaji akitaka kusema kwamba ninamtetea mbuzi wetu, ana haki ya kusema hivyo. Lakini anisikilize mpaka mwisho.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni maneno ya mwisho ya makala. Kijana ametutolea mfano wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Anasema huko misitu na bahari vimehifadhika kwa sababu wenyeji wamewekwa mbali, na wageni hulipa fedha kwenda kutazama. Hapo ndipo alipokosea. Nimepata kukaa Pemba miezi mitano kwa shemeji yangu, nikifanya naye biashara ya vitenge, na nimeona mambo ambayo hayamo katika picha za kalenda.

Kisiwa ni shule nzuri kwa watu wa milimani kama sisi. Hapa kwetu Gitega mtu akimaliza miti ya kilima hiki huenda kilima cha pili kutafuta kuni, na kile kikiisha kipo cha tatu. Kwa hiyo tunachelewa sana kuona kosa letu. Kisiwani hakuna kilima cha pili. Mtu akiharibu mwamba wa samaki leo, mwezi ujao watoto wake mwenyewe wanakula muhogo mkavu, na jirani zake wote wanajua ni nani aliyeuharibu.

Magharibi ya Pemba, mwendo wa kilomita 10 hivi kwa mashua, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Ukubwa wake haufiki kilomita moja ya mraba. Hakina mji wala mashamba. Kuna msitu uliosimama juu ya mawe ya matumbawe, kuna mchanga mweupe ambamo kasa na ng'amba hupanda usiku kutaga mayai, na pembeni mwake kuna miamba ya bahari yenye samaki wa kila rangi. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Wavuvi hawakuwa nao. Naye akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyolala kuelekea Makka, kitakuwa msala wake. Kwa masimulizi yao, hiyo ndiyo asili ya jina. Mimi si mtu wa kubishana na masimulizi ya wazee, hasa ninapokula kwao.

Hapana mtu anayekaa Misali siku zote, lakini si kisiwa cha bure. Wavuvi zaidi ya 1,000 kutoka vijiji vingi vya Pemba wamekuwa wakikitegemea. Hupiga dago hapo, yaani hujenga vibanda, wakalala siku kadhaa, wakavua na kukausha samaki, kisha wakarudi makwao. Baba zao na babu zao walifanya vivyo hivyo.

Mahali pengi katika pwani ile uvuvi mbaya uliingia, na Misali haikusalimika. Wako waliotumia baruti. Mtu hutupa baruti majini, ikalipuka, samaki wakubwa kwa wadogo wakafa pamoja. Wengi huzama na kuoza chini, naye huokota wale wachache wanaoelea. Na matumbawe huvunjika vipande vipande. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo jiwe lenye urefu wa mtu, likivunjwa asubuhi moja, hata wajukuu hawataona lingine mahali pake. Wako waliotia utupa, ule mmea wenye sumu, katika mashimo ya mwamba. Wako waliovua kwa kigumi, yaani kuupiga mwamba kwa miti mizito ili samaki watishike na kuingia wavuni. Waliofanya hayo hawakuwa majini wala mashetani. Walikuwa watu wenye njaa, wengine wenye tamaa, na wengi hawakuwa na nyavu nzuri.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukatokea mpango wa kukikodisha kisiwa ili pajengwe hoteli ya watalii. Hapo ndipo wavuvi waliposhtuka. Hoteli ikijengwa, dago halipo tena, na pwani inakuwa ya watu wengine. Wakapinga, na mpango ule ukafa. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikatangaza Misali kuwa hifadhi. Lakini tazama ilikuwa hifadhi ya namna gani, maana kijana wetu hili hakulitaja: wavuvi hawakufukuzwa. Walikuwa na chama chao, wakakaa pamoja na maofisa wa Serikali na watu wa shirika la CARE, wakakubaliana kwamba sehemu moja ndogo ya mwamba ifungwe kabisa, asivue mtu yeyote, na sehemu kubwa iliyobaki iendelee kuvuliwa kwa mishipi, mitego na nyavu za halali. Dago lilibaki.

Hata hivyo mambo hayakunyooka kwa siku moja. Wengine waliambiwa habari za sheria wakaitika kwa kichwa tu, kisha usiku wakafanya yao. Basi walimu wa dini wakaingia katika kazi hiyo. Tangu mwaka 1999 yalifanyika mafunzo ambayo ndani yake wavuvi, maimamu na walimu walikumbushana kwamba binadamu amewekwa duniani kuwa khalifa, kwamba bahari ni amana, na kwamba kuua samaki mia ili ule kumi ni israfu. Nadhani sisi wa Magarama tunaweza kulielewa jambo hilo kuliko wengi. Mtu aliyezoea kukwepa askari hawezi kukwepa neno alilofundishwa na mwalimu wake tangu utotoni.

Siku moja nilimkuta mzee mmoja akishona mshipi wa wavu chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukazungumza. Nikamwuliza kama yeye akiwa Misali humwogopa mlinzi. Akacheka sana. Akaniambia, "Mwanangu, mlinzi ni mmoja na usiku ni mrefu. Mimi namwogopa mwenzangu wa dagoni. Yeye ananijua, na nikivunja tuliyopatana nitasimama naye safu moja alfajiri."

Sisemi kwamba Misali pamekuwa peponi. Fedha za viingilio vya wageni huleta maneno, kama fedha zote. Wavuvi wa mbali wasiokuwamo katika mapatano hupita na kuchukua. Tangu 2005 maji yale yameingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya mkondo wa Pemba, na kila jambo likiwa kubwa, mwenyeji hujiona mdogo. Lakini kisiwa kipo na msitu wake upo. Wala si waya uliovilinda, kwani baharini huwezi kufunga waya.

Nitaje na pweza kwa ufupi, maana habari zake zinanifurahisha. Kusini mwa Pemba kuna mahali paitwapo Kisiwa Panza. Wenyeji wa huko walianza kuifunga sehemu ya mwamba wao kwa muda wa miezi mitatu hivi, asiguswe pweza hata mmoja. Pweza hukua upesi ajabu. Aliyekuwa wa kitoweo cha mtu mmoja, baada ya miezi hiyo ni wa sufuria zima. Siku ya kufungua watu hushuka wote, na akina mama wamo, maana kazi ya kutafuta pweza kwa fimbo katika mashimo ya mwamba, maji yakitoka, wameifanya tangu zamani. Shauri kama hilo lilikwisha jaribiwa Madagaska mwaka 2004, katika kijiji cha Andavadoaka, na likaenea kutoka huko. Angalia sana jambo moja: mwamba hufungwa kwa muda unaojulikana, na siku ya kufungua inajulikana pia. Mama anayeambiwa "ngoja miezi mitatu" anaweza kungoja. Anayeambiwa "usirudi tena" atarudi usiku.

Kijana wetu anaweza kunijibu kwamba hayo ni mambo ya samaki. Basi na twende Lamu, kule Kenya. Huko palikuwa na mpango wa kujenga mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, mahali paitwapo Kwasasi, bara ya pili ya maji, karibu na mji ule wa kale ambao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Wenyeji waliogopa moshi na majivu, waliogopea mikoko na uvuvi wao. Vikundi vyao vikaungana katika chama kiitwacho Save Lamu, wakaenda mbele ya baraza la hukumu za mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likafuta kibali cha mtambo. Na sababu mojawapo kubwa ndiyo ninayotaka wanafunzi waikumbuke: wenyeji hawakuulizwa ipasavyo. Mabwana wa mradi walikuwa na vitabu vizito vya hesabu na michoro, lakini hawakukaa na watu wakawasikiliza jinsi sheria inavyotaka, na kibali kikaanguka.

Sasa nijibu hoja moja ambayo naijua itakuja, tena ni hoja ya kweli. Watasema: mwenyeji naye huharibu. Ndiyo, huharibu. Waliotupa baruti katika pwani ya Tanzania wengi walikuwa watu wa pwani hiyo hiyo, na haikutosha kuwaambia maneno mazuri. Ilipofika miaka ya 2016 mpaka 2018 Serikali ikawabana kwa nguvu, milipuko ikapungua sana. Kwa hiyo mimi si adui wa askari. Mahali pa baruti, askari aende. Tena yako mambo ambayo mwenyeji hawezi kuyazuia hata akiwa mwema namna gani. Mwaka 1998, mwaka ule ule ambao Misali ilitangazwa hifadhi, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa, Pemba na kwingineko. Joto hilo halikuwashwa na mvuvi wa Pemba mwenye mashua ya tanga. Katika sehemu mbalimbali za Pemba maji ya chumvi yameingia katika mabonde ya mpunga, na wakulima wanaoyalalamikia hawana hata pikipiki.

Lakini mama mwenye mundu na mzigo wa majani kichwani si mtupa baruti. Hilo ndilo neno langu kwa chama cha mazingira. Kama tunatafuta mlaji mkubwa wa miti katika mji wetu, na tuangalie chini mabondeni, kwenye matanuri ya matofali. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa siasa mwaka 2019 watu wanajenga kila upande, na matofali hayajichomi yenyewe. Tanuri moja hula magogo ya miti mingi, na sikusoma katika makala ile hata mstari mmoja juu ya matanuri. Labda kwa sababu wenye matanuri tunawajua, na wengine wamesoma hapa.

Yafaa pia wanafunzi wajue kwamba mteremko wetu si jambo letu peke yetu, na hapa narudi kwenye visiwa kwa njia ya maji. Mji wetu uko kati ya mito miwili, Ruvyironza na Ruvubu. Mvua ikinyesha, udongo wa mteremko ule, pamoja na mifuko na chupa zilizo katika mifereji ya Magarama, hushuka mitoni. Ruvyironza huingia Ruvubu. Ruvubu huingia Kagera. Kagera huingia Ziwa Viktoria, na humo kuna Ukerewe, na visiwa vya Ssese, na vingine vingi vyenye watu wanaokunywa maji yale. Kama mtu hasadiki, akumbuke gugu maji. Lilionekana katika ziwa lile mwishoni mwa miaka ya 1980, na njia moja iliyolileta ni mto Kagera, likitokea mito ya juu, upande wa jirani zetu wa Rwanda. Katika miaka ya 1990 lilifunga bandari na mialo, mashua zikashindwa kupita, mpaka wakaletwa wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaolila, nalo likapungua. Serikali yetu iliweka amri juu ya mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2018, ikatoa miezi 18 watu wajitayarishe. Ni amri nzuri. Lakini nendeni mkatazame mfereji ulio nyuma ya soko baada ya mvua.

Basi, tufanye nini na kilima? Nilifanya kitu ambacho, kwa kadiri nijuavyo, chama hakikufanya. Jumapili iliyopita nilikwenda kuwauliza akina mama wenyewe. Wawili hawakutaka kusema nami. Wa tatu, bibi mmoja mwenye ng'ombe mmoja na wajukuu wanne, alinikaribisha nikaketi. Nikamwambia, "Bibi, miti ya shule imekwenda wapi?" Akajibu, "Mwanangu, mlipopanda mikaratusi kwenye njia yangu ya majani, nani alikuja kuniuliza? Mkaratusi ng'ombe hauli. Unakunywa maji tu, na chini yake hapaoti kitu. Mngepanda kitu ambacho nami nakihitaji, ningekuwa mlinzi wenu bila mshahara." Nikamwuliza anahitaji nini. Hakufikiri hata kidogo: mabingobingo kando ya mitaro, grevilea kwa kuni na mbao, na miparachichi michache.

Sina elimu ya misitu, lakini naona katika maneno yake umo mpango mzima. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko tunayo tayari, ilichimbwa na waliotutangulia. Kando yake na paoteshwe mabingobingo, na akina mama wayakate kwa zamu. Nusu ya juu ya mteremko, penye ukali, ifungwe kwa muda unaojulikana, mathalan mpaka grevilea zimpite mtu kwa urefu, kisha ifunguliwe kwa kuokota matawi makavu. Mbuzi wafungwe kamba. Na hilo nitaanza nalo nyumbani kwa dada yangu, ingawa najua nitakayoyasikia. Nyumbakumi waitwe, na akina mama wachague watu wao wawili wakae katika mikutano ya chama pamoja na wanafunzi. Akivunja mtu mapatano, waliopatana naye ndio wamhukumu kwanza.

Wako watakaosema kwamba wanafunzi hawana muda wa mikutano na akina mama wa mtaani. Lakini muda wa kupanda miche mara ya pili na ya tatu wanaupata.

Kuhusu fedha: kiasi kile nilichoombwa kwa ajili ya waya nimekiweka bahashani, na nimeandika juu yake "miche". Bibi yule amekubali kuja Jumamosi ya kazi za jumuiya, naye atawaleta wenziwe watatu, kwa sharti moja, kwamba kijana aliyeandika makala aje yeye mwenyewe kuzungumza nao, wala asitume mwakilishi. Nimewaahidi kwamba atakuja. Namwomba asiniaibishe.

Mwanafunzi wa zamani,
Magarama, Gitega